Malenga Hazaliwi Pwani Peke Yake

Swali ni lile lile, liulizwe Singida mjini, Kiomboi au hapa Misigiri: "Mwalimu, sisi Wanyiramba tutatungaje mashairi, na Kiswahili chenyewe ni cha watu wa pwani?" Nimechoka kulijibu kwa upole. Limejengwa juu ya uongo, na uongo huo unawapokonya vijana kalamu.

Tuanze na hizo sheria za utunzi mnazoziogopa. Kitabu kinachotajwa kila watu wanapobishania vina na mizani, *Sheria za Kutunga Mashairi*, kilitoka 1954. Aliyekiandika ni Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mtasema Ujiji ni mji wa Waswahili tangu enzi za misafara. Haya, njooni Dodoma, kwa jirani zenu. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa 1917, ndiye mwasisi wa ngonjera, zilizoenea mashuleni baada ya Azimio la Arusha. Euphrase Kezilahabi alitoka Ukerewe. Alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wanamapokeo walimshambulia kwa kuacha vina na mizani, naye hakurudi nyuma. Miaka miwili baadaye Mulokozi na Kahigi wakatoa diwani yao, wakaiita *Malenga wa Bara*. Mnataka ushahidi gani tena?

Kibaya kuliko swali ni dawa yake. Wapo wanaowashauri vijana wakariri maneno ya kale ya Kimvita, kisha wayapachike kwenye beti ili shairi linukie pwani. Nimesoma tungo za namna hiyo hadi basi. Ukimwuliza mtunzi maana ya neno lake, anainama. Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, alitunga kwa Kimvita kwa kuwa ndicho kilichosemwa Mombasa. Alipogusa siasa za mji wake, wasikilizaji walimwelewa papo hapo. Anayemfuata Muyaka kweli atatunga kwa Kiswahili kinachosemwa Misigiri, juu ya alizeti, vitunguu na bei zake. Okot p'Bitek wa Uganda alishika mwendo wa nyimbo za kwao, akatunga *Wimbo wa Lawino* kwa Kiacholi kabla ya kuutoa kwa Kiingereza mwaka 1966, na dunia ikamsikiliza. Nanyi mna nyimbo za Kinyiramba, za ngoma na za kazi. Mnaziacha, mnakwenda kuazima maneno msiyoyajua!

Fanyeni hivi. Tarbia ina mishororo 4 kila ubeti, na aghalabu mshororo una mizani 16, yaani 8 kwa 8; hesabuni kwa vidole huku mkisoma kwa sauti. Arudhi, yaani hizo sheria za vina na mizani, ikiwabana, andikeni shairi huru, lakini lisiwe maficho ya uvivu. Shuleni, tungeni ngonjera. Someni Shaaban Robert, kisha Kezilahabi. Pelekeni kazi zenu redioni, magazetini na kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Na neno msiloweza kulieleza bila kufungua kamusi, lifuteni.