Kamera ya Kasi, Mwanga wa Leza na Maji ya Vijito Vyetu

Katika robo hii ya mwaka tumeulizwa swali moja kwa namna mbalimbali: je, inafaa kutumia fedha za mradi kununua kamera ya kasi na taa ya leza ili kupima maji ya vijito vya huku Rugera kabla ya kujenga mitambo midogo ya umeme? Swali ni zuri, maana vifaa hivi vimeshuka bei sana. Tunapenda kueleza vinavyofanya kazi, kisha kutoa maoni yetu.

Tuanze na sababu ya kupima. Tuchukue mfano wa kijito kinachopitisha lita 127 kwa sekunde wakati wa masika, na maporomoko ya mita 10. Mtambo wenye ufanisi wa asilimia 60 utatoa takriban kilowati 7.5. Ikiwa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti maji yatabaki robo tu, umeme utakuwa chini ya kilowati 2. Usharika ulionunua mtambo kwa kipimo cha Aprili utakuwa umelipia chuma kinacholala miezi mitatu kila mwaka, na mashine ya kusaga itasimama wakati mahindi yameshavunwa.

Sasa leza. Maji safi hayaonyeshi mwendo wake, kwa hiyo watafiti huyatia chembe ndogo mno, mara nyingi shanga za kioo zenye uwazi ndani, unene wake kama sehemu ya mia ya milimita. Mwanga wa leza hupitishwa kwenye kioo chenye umbo la silinda ili utandazwe uwe mwembamba kama karatasi, nazo chembe zilizo katika karatasi hiyo ya mwanga hung'aa. Kamera hupiga picha mbili kwa kufuatana haraka. Kompyuta hugawa picha katika vijisanduku, hutafuta kila kundi la chembe limehamia wapi, na kugawa umbali huo kwa muda uliopita kati ya picha hizo. Hapo kasi ya maji inajulikana kila mahali kwa wakati mmoja, pamoja na mizunguko inayopoteza nguvu kwenye bomba au gurudumu la mtambo. Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Ludwig Prandtl alikuwa akinyunyizia unga wa madini yanayong'aa juu ya maji ya tangi lake mwaka 1904, bila leza wala kompyuta.

Kwa nini kamera iwe ya kasi? Tuseme nukta moja ya picha ni robo milimita, na maji yanakwenda karibu nusu mita kwa sekunde. Kwa picha 240 kwa sekunde, chembe husogea nukta 8 hivi, na kompyuta huifuata bila shida. Kwa picha 30 kwa sekunde, kama kamera ya kawaida, husogea nukta 64, na kundi zima linakuwa limepotea.

Zamani seti kamili ya maabara iligharimu makumi ya maelfu ya dola, na nyingi bado ni hivyo. Lakini tangu mwaka 2014 kuna simu za mkononi zinazopiga picha 240 kwa sekunde. Mwaka 2016 wahandisi wa Kanada walianza kuuza kamera iitwayo Chronos, yenye picha 1,057 kwa sekunde, kwa dola elfu chache. Programu za kuchambua, kama OpenPIV, hupatikana bure. Kinachobaki kuwa kigumu ni mwanga. Muda wa kila picha lazima uwe mfupi mno, la sivyo chembe zinageuka mistari, na muda mfupi unadai leza yenye nguvu. Leza hiyo hupofusha jicho kabla mtu hajapepesa, hata kwa mwanga uliorudishwa na saa ya mkononi. Kwa sababu hiyo hatungependa kuiona ikitumika penye watoto na watazamaji.

Maoni yetu ni haya. Chuo cha ufundi chenye tangi la kioo, chumba kinachofungwa na mwalimu anayejua kanuni za usalama kitafaidika na vifaa hivi, na mfadhili anayetaka kukisaidia tutamwunga mkono. Kijitoni havifai. Maji yenye tope hayapitishi leza, na jua la mchana huimeza.

Kwa kijito, kanuni ile ile hutumika kwa simu ya kawaida, kwa sababu ukiangalia mita kadhaa za maji badala ya sentimita chache, picha 30 kwa sekunde zinatosha. Leza haihitajiki kabisa: mapovu, majani na pumba zinazoelea ndizo chembe zetu. Wataalamu wa Japani na Marekani waliendeleza njia hii kwenye mito mikubwa katika miaka ya 1990, na leo kuna programu huria ya OpenRiverCam kwa kazi hiyo. Mpiga picha husimama imara ukingoni, na alama nne au zaidi zilizopimwa kwa futi ya mkononi lazima zionekane.

Hata hivyo, kamera huona maji ya juu tu, ambayo huenda haraka kuliko ya chini. Kwa kawaida kasi ya juu huzidishwa kwa 0.85. Kina na upana bado vinapimwa kwa fimbo, ndani ya maji. Kamati isiyo na simu nzuri inaweza kuachia kipande cha mgomba kielee mita 10. Kikitumia sekunde 20, kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde, mara 0.85, mara eneo la maji la mita 0.3 za mraba (upana mita 1.2, kina cha wastani sentimita 25), unapata zile lita 127. Rudieni mara tano, siku isiyo na upepo, mchukue wastani.

Vipimo hivi vitahitajika pia kwenye maombi ya kibali cha kutumia maji katika Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2009. Kwa hiyo tunaziomba kamati zenye kijito kinachofikiriwa kupima mara moja kila wiki, kuanzia mwanzo wa Juni hadi mvua za vuli zinyeshe, na kuandika tarehe, kina kwenye fimbo na sekunde katika daftari moja. Daftari hilo litufikie kabla michango ya mtambo haijaanza kukusanywa.