Ulinzi wa Faragha ya Wanachama katika Vikundi vya Watu Wanaoishi na VVU: Mfano wa Mialo na Visiwa vya Mwanza

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna faragha ya wanachama inavyoweza kulindwa katika vikundi vya hiari ambavyo uanachama wenyewe ni siri. Mfano uliotumika ni vikundi vya watu wanaoishi na VVU (WAVIU) katika mialo na visiwa vya Mkoa wa Mwanza. Hoja kuu ni kwamba katika vikundi vya namna hii siri huvuja zaidi kupitia daftari la mahudhurio, namba ya simu na picha kuliko kupitia maneno yanayosemwa kikaoni. Hivyo, ulinzi hauna budi kuanzia kwenye kumbukumbu za kikundi.

1.0 Utangulizi

Vikundi vya watu wazima hutofautiana kwa uzito wa jina la mwanachama. Jina la mwanachama wa ushirika wa pamba laweza kubandikwa ukutani bila kumdhuru mwenyewe. Hali ni tofauti katika klabu inayohusu maisha ya kimapenzi ya wanachama wake, kikundi cha watu wanaojitahidi kuacha pombe, au kikundi cha WAVIU. Huko mtu akijulikana tu kuwa ni mwanachama, siri yake imekwisha kutoka, hata kama hakuna aliyerudia neno lolote alilolisema.

Katika ukanda wa Ziwa Viktoria jambo hili lina historia ndefu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ugonjwa huo ukapewa jina la Juliana, lililokuwa la aina ya mashati yaliyoletwa kutoka Uganda. Tangu mwanzo, basi, ugonjwa ulihusishwa na biashara, safari na starehe, na aliyeugua alihukumiwa kwa mwenendo wake kabla hajahurumiwa kwa maradhi yake. Dawa za kufubaza makali ya VVU zilipoanza kutolewa bila malipo mwaka 2004, hofu ya kifo ilipungua. Hofu ya kujulikana haikupungua kwa kasi ileile.

2.0 Faragha, Siri na Stara

Maneno matatu ya Kiswahili husaidia kufafanua suala hili. Siri ni jambo lenyewe lililofichwa. Faragha ni nafasi ambayo mtu anaitawala mwenyewe, akiamua nani aingie na nani abaki nje. Stara ni wajibu wa wengine: kumsitiri mtu hata pale ambapo wanamjua. Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kikundi ni kata ya namna hiyo. Kimechota ndani, kimejua kilichomo, na kwa sababu hiyo kinabeba wajibu ambao mpita njia hana.

Tofauti hii ina maana kisheria na kimaadili. Mwanachama anapomweleza mwenzake hali yake, hajaiacha faragha yake. Ameipanua kwa kiasi alichokichagua. Anayeipanua zaidi bila idhini yake ndiye aliyeivunja.

3.0 Mazingira ya Mwalo

Mwalo una sifa mbili zinazofanya siri iwe ngumu kutunzwa. Sifa ya kwanza ni ufinyu. Katika kambi ya wavuvi iliyopo Ukara, Kome au Maisome, tajiri wa mtumbwi, wavuvi wake, wanawake wanaoanika dagaa na mama lishe huonana kila siku. Mtu akipanda boti siku ya kliniki, safari yake huonekana na wote.

Sifa ya pili ni kuhamahama. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na kazi hupungua mbalamwezi inapong'aa. Wavuvi nao hufuata samaki kutoka kambi moja hadi nyingine. Kwa hiyo kikundi hupokea wageni na kuagana na wenyeji mara kwa mara. Anayeondoka huondoka na majina ya waliobaki, na pengine humkuta kambi ya mbele ndugu, mume wa zamani au mdai wa mmoja wao.

Athari yake ni ya kitabibu pia. Mtu anayeogopa kuonekana huiacha zahanati ya jirani na kufuata dawa mbali. Nauli ikikosekana, au ziwa likichafuka, siku za kukosa dawa huongezeka. Mtu anayetumia dawa ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Akiacha dawa kwa hofu ya kujulikana, kinga hiyo hutoweka kwake na kwa mwenzi wake. Kwa maana hiyo, kuvuja kwa siri ni madhara ya kiafya, na si ya heshima peke yake.

4.0 Msingi wa Kisheria

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu kuzuia na kudhibiti UKIMWI inataka matokeo ya kipimo cha VVU yawe siri. Sheria hiyohiyo inamtaka anayejua hali yake amweleze mwenzi wake. Ni muhimu kutambua kwamba wajibu huo ni wa mhusika. Hauwapi wanachama wenzake ruhusa ya kusema kwa niaba yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hii inaziweka taarifa za afya na za maisha ya kimapenzi katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Aidha, taarifa binafsi hutambuliwa katika namna yoyote zilivyorekodiwa. Daftari la kurasa 96 la katibu wa kikundi, kwa hiyo, halina msamaha kwa kuwa si kompyuta.

5.0 Mianya ya Uvujaji

Mwanya wa kwanza ni daftari la mahudhurio. Daftari lenye jina la kikundi kwenye jalada na majina kamili ndani yake ni tangazo linalosubiri msomaji. Mara nyingi hukaa nyumbani kwa katibu, mahali ambapo watoto na wageni hupita.

Mwanya wa pili ni simu. Laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na mtu anapotaka kutuma fedha kwa simu, jina la mpokeaji huonekana kabla ya malipo kuthibitishwa. Hivyo, mwanachama aliyeingizwa katika kundi la WhatsApp kwa jina la utani hajafichika. Yeyote aliyemo aweza kuichukua namba yake na kulipata jina lake kamili kwa dakika moja.

Mwanya wa tatu ni picha. Wafadhili na viongozi hupenda ushahidi wa vikao, na kikundi chenye uhitaji huona vigumu kukataa. Ridhaa inayotolewa mbele ya mgeni aliyeleta posho haiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa huru.

Mwanya wa nne ni usajili. Kikundi kinachoomba mkopo wa halmashauri huwasilisha majina ya wanachama. Jina la kikundi likitaja VVU, orodha ya wakopaji huwa pia orodha ya wagonjwa.

6.0 Njia za Ulinzi

Kanuni ya kwanza ni kukusanya kidogo. Kwa kikao cha kawaida, idadi ya waliohudhuria inatosha. Pale kumbukumbu ya mtu mmojammoja inapohitajika, namba ya uanachama itumike, na ufunguo unaounganisha namba na majina uhifadhiwe mahali pengine chini ya mtu aliyechaguliwa na wanachama wenyewe. Kumbukumbu za tiba zibaki kliniki, zinakostahili kuwa.

Kanuni ya pili ni kutenganisha shughuli. Kazi ya kusaidiana kiafya isichanganywe na kazi ya kukopa katika usajili mmoja, na jina la kikundi lisibebe ugonjwa. Majina kama Tumaini au Upendo hayamfichui mtu.

Kanuni ya tatu ni ridhaa inayoweza kuondolewa. Mwanachama aulizwe akiwa peke yake kama anakubali kupigwa picha au kuwekwa katika kundi la simu. Kukataa kusimnyime dawa, posho wala nafasi. Ujumbe wa kikao waweza kutumwa kwa kila mtu peke yake, ukitaja saa na mahali tu.

Kanuni ya nne ni utaratibu wa kuondoka. Anayehama afutwe katika orodha, na akumbushwe kwamba kiapo chake cha kutunza siri hakikomi pale anapopanda mtumbwi.

7.0 Hitimisho

Njia hizi zina gharama. Kikundi kisicho na orodha ya wazi huhesabika kwa shida, na fedha zake hukaguliwa kwa taabu. Usiri uliopita kiasi waweza pia kumlinda kiongozi mbadhirifu. Kwa sababu hiyo, uwazi uhusu fedha na maamuzi, na faragha ihusu watu. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama wote, lakini majina yasitoke nje ya mlango. Kikundi kikishindwa kuweka mpaka huo, walio na hofu zaidi, ambao ndio wanaokihitaji zaidi, watakuwa wa kwanza kukikimbia.