Salio la safari ni la fedha au la safari?
SOKO LA SAFARI
Na Mwandishi Wetu

BEI ya tiketi hupanda na kushuka kama bei ya samaki, na mnunuzi wa Ng'ambo amekwisha kuizoea hali hiyo. Asilolizoea ni kulipia safari, safari ikavunjwa, kisha akaambiwa kwamba fedha zake sasa zimekuwa "salio" la kutumia siku nyingine.

Somo kubwa la biashara hiyo lilitolewa mwaka 2020. Februari 27 mwaka huo Saudi Arabia ilisimamisha Umra kwa wageni kwa sababu ya korona. Juni 22 ikatangaza kuwa Hijja itafanywa na watu wachache tu waliokwishakuwa ndani ya nchi hiyo. Mwaka 2021 waliruhusiwa watu 60,000, nao pia wakaazi wa huko. Milango ilifunguliwa kwa mahujaji wa nje mwaka 2022. Kwa hiyo aliyelipia Hijja ya 2020 alikaa na stakabadhi yake miaka miwili.

Kwa familia za Michenzani, Kwahani au Mlandege, hizo si fedha za mchezo. Huwa ni za upatu, mafao ya kustaafu, shamba la mikarafuu lililouzwa, au watoto waliojichanga ili mama yao akahiji kabla nguvu hazijamwishia.

Hoja mbili

Mzozo wa salio, popote unapotokea, una hoja mbili. Msafiri husema: "Mimi nililipia safari. Nipelekeni." Mwenye biashara hujibu: "Ulilipa fedha. Fedha zako zipo, lakini safari imepanda bei. Ongeza."

Kila mmoja ana lake la kweli. Fedha za hujaji hazilali zote katika sanduku la taasisi iliyompokea. Sehemu huenda kwa shirika la ndege, sehemu kwa nyumba za kulala Makka na Madina, na sehemu kwa wahudumu wa huko. Iliyokwisha kutoka hairudi kwa siku moja. Lakini msafiri naye hakuivunja safari, wala hakuomba kukopesha mtu miaka miwili bila ya faida.

Tuchukue mfano wa hesabu. Julai 1, 2020 Saudi Arabia ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 5 hadi asilimia 15. Huduma ya riali 2,000 kabla ya kodi, iliyokuwa ikilipiwa riali 2,100, ikawa riali 2,300. Tofauti ya riali 200 ni kama dola 53, au zaidi ya shilingi 120,000 kwa bei ya dola ya wakati ule. Hapo nauli ya ndege haijaguswa. Kama stakabadhi haikusema nani atabeba ongezeko, mzozo umekwisha kuandaliwa.

Sarafu nayo ina neno lake. Katikati ya 2020 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilipita shilingi 2,600. Salio lililoandikwa kwa shilingi hupungua nguvu likiwa limekaa tu.

Umri ukapita

Pigo zito zaidi halikuwa la bei. Sharti la Hijja ya 2022 lilikuwa hujaji awe na umri chini ya miaka 65. Mzee aliyekuwa na miaka 63 alipolipa mwaka 2020, safari ilipofunguka alikuwa na 65. Salio analo, safari hana. Sharti hilo liliondolewa kwa Hijja ya 2023, lakini kwa mtu wa umri huo mwaka mmoja ni mrefu, na afya haiwekewi akiba.

Kwa mzee kama huyo, kuambiwa "subiri msimu ujao" si jibu linalotosha. Anahitaji kujua kama atarejeshewa fedha taslimu, au kama mwanawe anaweza kuitumia nafasi ile.

Meli za kitalii nazo

Mahujaji hawakuwa peke yao. Machi 2020 kampuni kubwa za meli za kitalii zilisimamisha safari zao. Royal Caribbean na Norwegian ziliwapa wateja hiari: kurudishiwa fedha zao, au kuchukua salio la asilimia 125. Aliyelipa dola 1,000 akaonyeshwa salio la dola 1,250. Linavutia, lakini safari mpya ikiuzwa dola 1,250, nyongeza yote imemezwa na nauli. Na safari hiyo ikivunjwa tena, linazuka swali jengine: zile 250 ni fedha au zawadi?

Ulaya, Mei 13, 2020, Kamisheni ya Umoja huo ilisisitiza kwamba salio liwe hiari ya msafiri, na haki yake ya kudai fedha ibaki palepale.

Kabla ya kulipa

Msomaji anayekusudia safari, iwe ya Hijja, ya Umra au ya matembezi, aitazame stakabadhi kabla hajaondoka dirishani. Iandikwe kiasi kilicholipwa na kwa sarafu gani. Iandikwe safari ikivunjwa ni kiasi gani kitarudi taslimu na kwa muda gani. Iandikwe kama salio linashika bei ya zamani au la, linakwisha lini, na kama linaweza kuhamishiwa jina jengine. Msafiri akifariki, fedha zake zilizobaki ni mali ya warithi wake, na bila ya karatasi warithi hawana la kuonyesha.

Mwenye taasisi naye ana faida katika karatasi hiyo. Ng'ambo habari hutembea haraka kuliko tangazo, na mteja aliyelipwa salio lake sawasawa humleta jirani yake msimu unaofuata.