Kiwanda cha Atomu Kisichowashwa Kamwe

Urani ya Shinkolobwe, katika Katanga yetu, ilitumika katika mabomu ya atomu yaliyoangushwa Japani mwaka 1945. Lakini nguvu hiyo yafanya pia kazi ya amani. Kiini cha urani kikipasuliwa hutoa joto. Joto hugeuza maji kuwa mvuke. Mvuke huzungusha mashini, na umeme hupatikana. Hubaki masalio yenye miali isiyoonekana kwa macho, na mengine huwa ya hatari kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 1972 Waaustria walianza kujenga kiwanda cha namna hiyo huko Zwentendorf, kando ya mto Danube. Maji yapitayo hapo hushuka mpaka Vienna, mji wao mkuu. Basi raia wengi wakaingiwa na hofu. Masalio yatazikwa wapi? Ikitokea ajali, watu wa mji mkubwa namna ile watakimbilia wapi? Wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi wakajibu: Pasipo umeme hakuna kazi, na pasipo kazi hakuna mkate.

Hapo Bruno Kreisky, mkuu wa serikali, aliyekitaka kiwanda, akaweka shauri mbele ya raia wote. Tarehe 5 Novemba 1978 walipiga kura. Waliokataa walikuwa 50.47 kwa mia. Waliwashinda wenzao kwa kura zisizofika 30,000. Kiwanda kilikuwa tayari, lakini hakikuwashwa hata siku moja. Kreisky alishindwa, akatii.

Miezi michache baadaye, Machi 1979, ajali ilitokea Three Mile Island, Marekani. Mwaka 1986 mtambo wa Chernobyl ulipasuka, na vumbi lake la sumu likafika hata Austria. Wengi wa waliosita wakathibitika.

Hata hivyo tusidhani kwamba kukataa hakuna gharama. Karibu na Zwentendorf, huko Dürnrohr, kilijengwa kiwanda cha makaa ya mawe, kilichotoa moshi kwa miaka mingi. Na feza nyingi zilikwisha kuzama katika kile cha kwanza.

Tujifunze nini? Si kuiogopa elimu, wala kuipokea kwa macho yaliyofumbwa. Waaustria waliulizwa, lakini waliulizwa ukuta ukiwa umekwisha kusimama. Mwenye busara huwauliza watakaolala katika nyumba kabla ya kuchimba msingi.