Kusimama na Kafi Katika Mawimbi ya Robertsport

Mtu atokaye Monrovia, mji mkuu wa Liberia, akaifuata barabara ya kaskazini-magharibi kwa zaidi ya kilomita 100, hatimaye hufika mahali ambapo kilima kilichovikwa msitu husimama ukingoni kabisa mwa bahari ya Atlantiki. Na kilima hicho ndicho walichokiona kwa mbali mabaharia wa Kireno waliofuatana na Pedro de Sintra katika karne ya 15, wakaiita rasi ile Cabo do Monte, Rasi ya Mlima, jina ambalo Waliberia wa leo hulitamka kwa Kiingereza chao kuwa Cape Mount. Chini ya kilima hicho, kati ya bahari na ziwa kubwa liitwalo Piso, umekaa mji mdogo wa Robertsport, uliopewa jina la Joseph Jenkins Roberts, rais wa kwanza wa jamhuri hiyo. Wenyeji wa sehemu zile tangu zamani ni Wavai, kaumu iliyojibunia hati yake yenyewe ya kuandikia lugha yake katika miaka ya 1830, kwa juhudi za Momolu Duwalu Bukele na wenzake. Na laiti ningekuwa na nafasi, ningeieleza hati hiyo kwa urefu, maana ni fahari ya bara zima. Lakini muradi wangu leo ni bahari ya Robertsport, na hasa mawimbi yake yenye nguvu, yavunjikayo kwa mpango kuifuata rasi, ambayo mtu aliyesimama juu ya ubao na kafi mkononi aweza kuyapanda yakamchukua masafa marefu bila ya kuanguka.

Kwamba mawimbi ya namna hii yalikaa muda mrefu bila ya kutajwa nje ya pwani ile si ajabu kwa anayeijua historia ya nchi hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mwishoni mwa mwaka 1989, vikatulia, vikarudi, visikome hasa mpaka mwaka 2003; na watu walipoanza kupumua, ugonjwa wa Ebola ukaingia mwaka 2014 ukaifunga tena milango. Katikati ya misukosuko hiyo alitokea kijana mmoja, Alfred Lomax, ambaye husimuliwa kwamba aliokota ubao mfupi wa kulalia huko Monrovia wakati wa vita, akaenda nao baharini akajifunza peke yake; naye ndiye atajwaye kuwa Mliberia wa kwanza kuushika mchezo wa kupanda mawimbi, na habari zake zilienezwa na filamu ya Sliding Liberia. Tangu hapo vijana wengine wa Robertsport wamemfuata.

Basi, ni kitu gani hasa kiyafanyayo mawimbi ya rasi ile kuwa tofauti na mawimbi mengine? Jawabu haliko Liberia. Liko mbali sana kusini, katika maji baridi yaliyo chini ya latitudo ya 40, ambako wakati wa miezi ya kipupwe cha upande ule dhoruba hufuatana bila ya kupumzika, na upepo wake huisukuma bahari kwa siku kadhaa juu ya eneo pana mno. Mawimbi yazaliwayo na dhoruba hizo huanza yakiwa vurugu tupu, lakini kadiri yanavyosafiri hujitenga na kujipanga, yale marefu yakitangulia na yale mafupi yakifia njiani, hata yakawa matuta laini yanayopishana kwa sekunde 14, 16, au zaidi. Wimbi la sekunde 16 katika maji ya kina lina urefu wa takriban mita 400 kutoka kilele kimoja hadi kingine, na kundi la mawimbi kama hayo husafiri kwa mwendo wa karibu kilomita 45 kwa saa usiku na mchana. Kwa hiyo dhoruba iliyovuma leo kusini ya Atlantiki, siku ya tano au ya sita matokeo yake hubisha hodi Cape Mount, ambako huenda jua linawaka na hata jani halitikisiki.

Wimbi lenye urefu wa kiasi hicho huanza kuihisi sakafu ya bahari likiwa bado katika kina cha mita 200, na hapo ndipo lianzapo kutii umbo la nchi. Sehemu yake iliyo karibu na rasi hukuta maji haba, ikapunguza mwendo. Sehemu iliyo mbali, ikiwa katika maji ya kina, huendelea kwa kasi yake ya awali. Na wimbi zima likajipinda kuizunguka rasi kama mlango unaozungukia bawaba. Kwa sababu hiyo halifiki pwani likiwa limenyooka sambamba na ufuko, likaanguka lote kwa mkupuo mmoja, bali huja mshazari, likaanza kuvunjika penye ncha ya rasi, kisha kule kuvunjika kukatambaa kuelekea ndani, hatua kwa hatua, juu ya sakafu ya mawe na mchanga. Robertsport mwelekeo wa kuvunjika ni wa kushoto kwa mtu aliyeipa bahari mgongo, nako hakutokei mahali pamoja tu bali katika vituo kadhaa vinavyofuatana, ambavyo wapanda mawimbi wamevipa majina ya Cotton Trees, Fisherman's Point na Cassava, cha kwanza kikisifiwa kuliko vyote kwa ukali na kwa unyoofu wa ukuta wake.

Msomaji aliyekulia Lamu, Tanga au Kilwa yamkini atauliza kwa nini haoni mambo kama haya nyumbani kwake, ilhali kusi huvuma miezi mingi na bahari huchafuka. Sababu kubwa ni matumbawe: mwamba ule ulionyoshwa mbele ya sehemu kubwa ya pwani yetu huyapokea mawimbi kwa kifua chake, yakavunjikia huko nje, na ndani ya mwamba maji yakabaki ya kupita mitumbwi na ngalawa. Fauka ya hayo, kisiwa cha Madagaska kimesimama njiani kikiyakatiza mengi ya yale marefu yatokayo kusini ya mbali. Pwani ya Liberia haina ngao ya namna hiyo. Atlantiki huja ikaigonga moja kwa moja.

Ama kuhusu mchezo wenyewe wa kusimama na kafi, sura yake ya kisasa ilitoka Hawaii. Katikati ya karne ya 20, vijana wa ufuko wa Waikiki waliofundisha wageni kupanda mawimbi walizoea kusimama juu ya mbao kubwa na kujisukuma kwa makafi ya mitumbwi, wapate kuwaangalia wanafunzi wao na kuyaona mawimbi yajayo, na miongoni mwao hukumbukwa sana John Ah Choy, aliyeitwa Pops, pamoja na wanawe. Kisha Laird Hamilton na Dave Kalama, wapanda mawimbi mashuhuri wa kisiwa cha Maui, wakaufufua mtindo huo karne ilipokaribia kwisha, nao ukaenea duniani kwa haraka. Mwaka 2012 mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu chini ya ISA, shirikisho la kimataifa la kupanda mawimbi, yalifanyika Peru. Ubao utumiwao katika mawimbi ni mfupi kuliko ule wa maji matulivu: aghalabu ni wa futi 7 hadi 9, upana wake sentimita 70 hadi 80 kwa kadiri ya uzito wa mtu, una mapezi chini ya nyuma yake, na kamba imfungayo mpandaji kifundoni. Kafi lake huwa refu kidogo tu kuliko kimo cha mwenyewe, na bapa lake limepinda. Wanaoanza wengi hulishika kinyume, wakidhani upande wa ndani wa ule upindo ndio uvutao maji, kumbe bapa hutakiwa liinamie mbele.

Tuseme sasa mtu amekaa nje ya Cotton Trees akingojea. Miguu yake iko sambamba katikati ya ubao, magoti yamelegea, na kafi hugusa maji kila mara, kulia na kushoto, kwa sababu ubao usiokwenda hutikisika na ubao uendao hutulia. Kwa kuwa amesimama, jicho lake liko zaidi ya mita moja na nusu juu ya maji, hali aliyelala juu ya ubao jicho lake halifiki hata nusu mita. Kwa hiyo mstari mweusi wa wimbi kubwa huuona mapema zaidi, akapata wasaa wa kuamua. Hugeuza ubao kwa mapigo mapana ya kafi, mguu mmoja ukirudi nyuma kidogo. Hupiga makafi matatu, manne, ya nguvu lakini ya taratibu, akiangalia nyuma begani. Akahisi sehemu ya nyuma ya ubao ikiinuliwa, na papo hapo, wala si kabla wala si baada, huutupa uzito mbele, akapiga kafi la mwisho, ubao ukashuka. Chini ya ukuta huchomeka bapa la kafi majini, akaliegemea kidogo, ubao ukazunguka juu ya egemeo hilo, na mbele yake ukaonekana ukuta mrefu wa maji uliosimama, unaoendelea kuvunjika nyuma ya kisigino chake kwa mwendo ule ule anaokwenda yeye. Akichelewa, humezwa, akitangulia mno, huachwa katika maji yasiyo na nguvu. Ustadi wote ni kukaa katika kile kipande chembamba kilicho kati ya mambo hayo mawili.

Nami nashikilia kwamba maarifa haya, ya kusimama mbele ya bahari inayovunjika na kuihesabu kabla ya kuiingia, Afrika ya Magharibi ilikuwa nayo zamani sana, wala hayakuletwa na meli ya mgeni. Mjerumani Michael Hemmersam, aliyewatumikia Waholanzi katika ngome ya Elmina, nchi iitwayo Ghana leo, aliandika juu ya miaka ya 1640 kwamba wazazi waliwafunga watoto wao kwenye mbao wakawatupa majini wajifunze kuogelea. Habari hiyo inatangulia kwa zaidi ya karne moja kufika kwa baharia Mwingereza, Kapteni Cook, huko Hawaii mwaka 1778. Katika miaka ya 1830 ofisa Mwingereza, James Alexander, aliwaona wavulana wa Accra wakitoka nje na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakingojea wimbi, kisha wakarudi nalo hadi ufukoni. Na watu wazima walifanya makubwa zaidi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya pwani ile haikuwa na bandari, shehena na abiria wote walipitishwa katika mawimbi kwa mashua zilizopigwa makafi na safu mbili za watu, nahodha wao akiwa amesimama tezini na kafi refu la kuongozea, macho yake yakiwa nyuma baharini. Wakangoja nje ya mstari wa povu mpaka yale makubwa yapite, ndipo atoe amri, na makafi yote yashuke kwa pamoja. Wakru wa Liberia walikuwa mabingwa wa kazi hizo, hata manowari za Uingereza zikawaandika katika karne ya 18 na ya 19. Nahodha yule wa tezini na mpiga kafi wa leo wanasoma kitabu kimoja, tofauti yao ni kwamba wa kwanza alikuwa amebeba roho za watu.

Hata hivyo jambo lile lile limpalo mwenye kafi faida humpa pia mzigo. Katika wimbi la rasi mahali pa kuanzia ni padogo, na kanuni ya tangu zamani ni kwamba aliye karibu zaidi na pale linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki. Mwenye kafi huliona mapema, hulifikia mbali zaidi, na akipenda aweza kuchukua kila wimbi zuri la asubuhi nzima, vijana wa kijiji waliolala juu ya mbao zao kuukuu wakibaki kutazama. Huo kwangu ni ujeuri, na mgeni aufanyao hastahili kukaribishwa tena. Aidha ubao wake ni mkubwa na mzito, hauwezi kuzamishwa chini ya wimbi kama ule mdogo, na bahari ikimpokonya humpiga aliye nyuma. Basi na ajiepushe na kukaa mbele ya wengine, na atoke kwa mlango wa maji ya kina, asikate katikati ya watu. Mkondo wa kando ya rasi hauna huruma: wimbi lililomchukua mtu mbali humwachia safari ndefu ya kurudi dhidi ya maji, na anayechoka hajui kwamba amechoka mpaka mawe yamemkaribia. Wavuvi wa Kikru, na wa Kifante wenye asili ya Ghana, ambao mitumbwi yao huingia na kutoka pwani hiyo hiyo kutafuta riziki, wapishwe daima bila ya kuulizana.

Miezi ya mawimbi makubwa ni kuanzia Aprili hadi Oktoba, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo hasa miezi ya masika ya Liberia, na masika yenyewe si ya mzaha, kwani Monrovia hupata zaidi ya milimita 4,000 za mvua kwa mwaka na barabara za udongo huteseka. Katika miezi ya ukavu, kuanzia Novemba, bahari hupungua ikawa ya kumfaa asiye bingwa. Naye asiyewahi kabisa kusimama juu ya ubao asianze baharini: nyuma ya mji liko ziwa Piso, lenye maji tulivu, ambako kwa idhini na maelekezo ya wavuvi wa hapo aweza kujifunza kugeuza ubao kwa kafi pande zote mbili na kuanguka bila ya kulitupa, kabla ya kuuvuka mji kuelekea upande wa pili.