Jiwe Bichi la Kilwa

Wajukuu zangu wa Mirongo, nyinyi jiwe mnalijua. Mmewaona wapasua kokoto wakiuwashia moto mwamba mpaka utoe ufa, ndipo nyundo imalizie. Jiwe la namna hiyo halichongeki ua. Basi twendeni Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini, ambako mafundi wa zamani jiwe lao walilivua baharini kama samaki.

Ni tumbawe. Likitoka majini ni laini, tezo inalikata bila shida. Likishapigwa na jua na upepo, linakaza. Fundi mvivu alikuwa amelikosa. Matumbawe mengine yalipangwa juu ya kuni, yakachomwa, yakawa chokaa ya kushikia kuta.

Kwa jiwe hilo watu wa Kilwa walianza Msikiti Mkuu wao tangu karne ya 11 hivi. Sehemu ya kwanza, ile ya kaskazini, ilikuwa ndogo. Paa bapa la mawe na chokaa lililazwa juu ya boriti, na boriti ya mkoko haifiki mbali. Ndiyo maana vyumba vya majumba ya kale ya pwani ni vyembamba: urefu wa mti ndio upana wa chumba.

Karne ya 14 dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini zaidi, ilikuwa ikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 na kuusifu ukarimu wake, akaupanua msikiti kuelekea kusini na kuujengea kuba. Huko Uingereza, mji wa Salisbury ulikuwa na kanisa lake kuu, lililoanzishwa mwaka 1220. Wajenzi wa huko walipanda juu, mnara ukatafuta mawingu. Wa Kilwa walitandaza: matao na vikuba, safu kwa safu.

Ila nguzo za Sultani, kila moja pande zima la tumbawe, hazikudumu. Jengo likaanguka. Karne ya 15 wakaja mafundi wengine, na hao ndio ninaowapenda mimi: waliacha fahari ya pande moja, wakajenga nguzo za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa. Ukivuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko leo, utapita katikati ya nguzo hizo, na baadhi bado zimebeba kuba zake.