Leza na kansere: nta yaweza kudanganya mashine

Kipande kidogo kinakatwa kwenye titi la mgonjwa, kinamulikwa kwa leza, kisha mashine inasema kama kuna kansere ama hapana. Hiyo ndiyo ahadi ya spektroskopia ya Raman, yenye jina la mwanafizikia wa India aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1930. Sehemu ndogo sana ya mwanga inarudi ikiwa imebadilika rangi, na badiliko hilo linaonyesha kama ni mafuta, protini ama kitu kingine.

Lakini shida inaanza kabla ya leza kuwashwa. Katika hospitali nyingi duniani, kipande kinalowekwa kwanza ndani ya formoli ili kisioze, kisha kinatiwa nta ya parafini ili kikatwe chembamba. Formoli inafunganisha protini. Nta nayo inatoa alama karibu na namba 1440 kwenye grafiki, palepale mafuta ya mwili yanapoonekana. Kuiosha kwa ksileni hakutoshi: nta kidogo inabaki, huku mafuta ya mgonjwa mwenyewe yakiondoka. Mashine imesoma mwili ama mshumaa?

Kugandisha kwa baridi kali ni afadhali, ingawa barafu inaweza kupasua seli, na pasipo umeme wa uhakika njia hiyo ni ngumu. Hata kioo cha kawaida cha maabara kinaweza kung'aa chini ya leza. Watafiti wengi wanatumia floridi ya kalsiamu, ambayo ni ghali zaidi.

Kwa hiyo mashine iliyofundishwa kwa vipande vya nta tu haifai kuaminiwa moja kwa moja mbele ya nyama mbichi ya mgonjwa anayepasuliwa.